Kifaranga Anapotazama Juu: Ni Mdondo au Ni Upungufu wa Chakula?

Hakuna jambo limkatishalo tamaa mfugaji wa kanga au kware kuliko kumwona kifaranga aliyekuwa akidonoa vizuri jana, leo amepinda shingo, anatetemeka, na kila akijaribu kutembea huanguka. Katika wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006, dalili hiyo huitiwa jina moja mara moja: umuraramo. Kwa Kinyarwanda jina hilo latokana na tendo la kuinua kichwa na kutazama juu, nao ndio ugonjwa ambao jirani zetu wa Tanzania huuita mdondo au kideri.

Jina hilo limeuelezea ugonjwa vyema, lakini lina mtego ndani yake. Si kila kifaranga atazamaye juu ana mdondo. Mwenye mdondo hana dawa, na aweza kuangamiza mabanda ya mtaa mzima. Mwenye upungufu wa chakula aweza kupona kwa chakula tu. Asiyewatofautisha atamchinja ambaye angepona, au, vibaya zaidi, atampeleka sokoni mwenye kuambukiza.

Fundisho kutoka jikoni mwa jeshi

Askari wetu watapendezwa kujua kwamba siri hii ilianza kufumbuliwa katika hospitali ya jeshi. Mwishoni mwa karne ya 19, Christiaan Eijkman, daktari wa jeshi la Uholanzi, alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi huko Batavia, ambayo leo ni Jakarta. Kuku wake wa uchunguzi walilegea miguu, wakashindwa kusimama. Kumbe walikuwa wakilishwa wali mweupe uliotoka jikoni mwa hospitali. Alipokuja mpishi mpya akakataa kuwapa kuku wali wa jeshi, wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, nao wakapona. Kilichokosekana kilikuja kujulikana kuwa vitamini B1, iliyomo katika pumba laini. Mwaka 1929 Eijkman alitunukiwa tuzo ya Nobel.

Fundisho hilo latuhusu, kwa kuwa bonde la Bugarama hulimwa mpunga. Makombo ya wali mweupe peke yake si chakula cha vifaranga.

Jinsi ya kutofautisha

Mdondo hushika ndege wa kila umri. Pamoja na kupinda shingo, tazama kuhema kwa shida, kuhara kijani kibichi, na vifo vingi kwa siku chache.

Tetemeko la vifaranga, lililo ugonjwa wa virusi vya ubongo, huonekana zaidi katika majuma matatu ya kwanza. Kichwa hutetemeka na kifaranga hukalia vifundo vya miguu. Virusi hivyo hupitia yai la mama. Hivyo usiatamize mayai ya kundi ambalo utagaji wake umeshuka ghafula.

Upungufu wa vitamini E huwapata zaidi wenye umri wa majuma mawili hadi matano, hasa waliolishwa chakula kilichokaa hata mafuta yake yakachacha. Huanguka na kutupatupa miguu.

Upungufu wa vitamini B1 huvuta kichwa nyuma, kifaranga akawa kama ahesabuye nyota. Akipewa vitamini hiyo mapema, aweza kupata nafuu kwa saa chache.

La kufanya

Kwanza, mtenge mgonjwa na umwite daktari wa mifugo. Wakati wa kumngojea, badili chakula, toa kipya chenye pumba laini, na changanya vitamini katika maji ya kunywa. Wengine wakizidi kuugua, chukulia kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza: fukia mizoga kwa kina, osha viatu na vyombo.

Pili, usiuze ndege mgonjwa Kamembe wala kumvusha mto Rusizi kwenda Bukavu. Atakayemnunua atapeleka msiba nyumbani kwake.

Tatu, chanja kabla ya gonjwa kufika. Chanjo ya mdondo aina ya I-2, iliyobuniwa Australia, hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, na hivyo yafaa vijijini. Ni tone moja jichoni, likirudiwa kila miezi mitatu au minne.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa mdondo hakuna tiba kabisa. Kinga ndiyo yote tuliyo nayo.