Posho na Mshahara: Neno kwa Wanaosomea Usimamizi wa Wafanyakazi

Mwanafunzi anayefikia ngazi ya masta katika usimamizi wa wafanyakazi husoma nadharia zake kwa Kifaransa. Lakini hapa Katanga, atakapowauliza wachimbaji wa shaba habari za kazi yao, wengi watamjibu kwa Kiswahili. Yampasa basi ayapime maneno yao kabla ya kuyafasiri.

Tutwae mfano wa neno posho. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwapa wafanyakazi mikataba ya miaka mitatu na kuwakalisha kambini pamoja na wake na watoto wao. Fedha zilikuwa sehemu tu ya ujira. Palikuwapo pia nyumba, matibabu, shule na chakula cha kugawiwa, ndicho posho. Gécamines, mrithi wake, iliendeleza desturi hiyo.

Mwaka 2003 na 2004, watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa hiari. Walilipwa fedha, lakini pamoja na kazi, jamaa zao zilipoteza haki ya shule na hospitali za kampuni.

Kwa hiyo, mtafiti anayeandika «mshahara» pale alipoambiwa «posho» hakosei tafsiri peke yake: amefuta nusu ya mapatano. Na mkuu wa kazi atakayemtegemea atalipa nusu ya deni, akidhani amelimaliza.