Chujio la Petroli la Beetle: Mahali Kwanza, Aina Baadaye

Mwenye Volkswagen Beetle akiingia duka la vipuri kununua chujio la petroli, huhangaika sana na aina na bei, kisha kazi ya kulifunga humwachia fundi. Fundi naye hulifunga panapomrahisishia kazi: ndani ya chumba cha injini, kwenye mpira unaotoka pampu kwenda kabureta. Hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Chujio lenyewe linahitajika. Tangi la miaka hamsini lina kutu, na vichujio vya wavu vilivyomo ndani ya tangi na kwenye pampu huzuia takataka kubwa tu. Vumbi la kutu hupita, likaziba vitundu vyembamba vya kabureta, na gari likaanza kukohoa mlimani.

Tatizo ni uzito. Kabureta ya Solex hupokea petroli kwa kijibomba cha shaba kilichoshindiliwa tu kwenye mwili wake, na miaka ikipita hulegea. Ukining'iniza chujio lililojaa petroli kwenye mpira huo, kila mtikisiko wa injini unakivuta. Siku kikichomoka, pampu huendelea kusukuma petroli maadamu injini inazunguka, nayo humwagika juu ya injini ya moto, karibu na distribyuta yenye cheche. Mwili wa injini hii ni wa aloi ya magnesiamu. Ukishashika moto, ndoo ya maji huuchochea badala ya kuuzima. Magari mengi mazuri yameteketea hivyo.

Lifunge kabla ya pampu, nje ya chumba cha injini. Mimi napendelea ubavuni mwa giaboksi, pale bomba la chuma linapotokea kwenye chesisi, kwa kuwa ni rahisi kulikagua ukiwa chini ya gari. Lishikize vizuri lisining'inie likapigwa na mawe. Chini ya tangi mbele pia panafaa.

Chagua chujio dogo la plastiki angavu lenye karatasi ndani, na midomo inayoukaa mpira sawasawa; bomba la Beetle ni la milimita 6, kwa hiyo chujio la midomo ya milimita 8 liache dukani. La kioo likatae kabisa, maana huvuja kwenye maungio na hupasuka. Machujio ya chuma ya magari ya injeksheni yameundwa kwa shinikizo kubwa ambalo pampu hii haina.

Fanya kazi injini ikiwa baridi, waya hasi wa betri umetolewa, kizima moto cha unga kiko karibu. Tangi liko juu ya bomba, hivyo petroli itatiririka yenyewe ukichomoa mpira, uzibe mapema. Mshale wa chujio uelekee pampu. Badilisha mipira yote wakati huohuo, hata ile iliyofumwa nyuzi ambayo nje inaonekana mizima, kwani ufa wake hujificha ndani. Nunua iliyopigwa chapa ya SAE J30 au DIN 73379, na kila ncha ifungwe klipu. Kagua pia raba inayolinda bomba linapopenya bati la injini. Ikikosekana, bati hulikwangua bomba hadi likatoboka.

Ukimaliza, washa injini, ishike kila ncha kwa kidole kikavu utafute unyevu. Na kama Beetle yako ina chujio ndani ya chumba cha injini hivi sasa, usiiendeshe tena kabla ya kulihamisha.