Kijana anayejiumiza: kuongeza dawa juu ya dawa kunaomba uangalifu

Mzazi akiona alama za majeraha kwenye mkono wa mtoto wake, anaweza kushawishika kumpa dawa ya kulala ili atulie. Utafiti unaonya.

Huko Marekani, utafiti TORDIA uliotangazwa mwaka 2008 ulifuata vijana 334 wa miaka 12 hadi 18 wenye ugonjwa wa huzuni, ambao dawa ya kwanza haikuwasaidia. Kati ya waliobadilishiwa dawa na kupewa pia matibabu ya mazungumzo, karibu asilimia 55 walipata nafuu. Kwa waliobadilishiwa dawa tu, ni karibu asilimia 41.

Mwaka 2009, watafiti hao walieleza kwamba wachache walioongezewa dawa za kutuliza za jamii ya diazepam walijiumiza ama kufikiri kujiua zaidi kuliko wengine. Idadi yao ilikuwa ndogo. Si hukumu ya mwisho, lakini ni sababu ya kuwa macho.

Kwa hiyo mzazi, usimuongezee kijana kidonge bila muganga kujua, wala usimkatishe dawa kwa ghafla. Dawa zote za nyumbani zifungiwe. Muulize waziwazi kama anafikiri kujiua: swali hilo halimpandishii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku ile ile.