Maji ya Kumenyea Kahawa na Uhai wa Mito ya Kilimanjaro

Ifikapo mwezi wa Julai, mashine za kumenya kahawa huanza kunguruma katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Ndiyo majira ambayo kila mwanachama huyangojea kwa hamu. Lakini ndiyo majira pia ambayo masika yamekwisha, vuli bado, na mito imepungua. Hivyo taka za kahawa humwagwa mtoni wakati ule ule ambao mto hauna nguvu ya kuzichukua. Jambo hili halijatiliwa maanani vya kutosha katika mikutano ya vyama vya msingi, ambako mazungumzo juu ya kahawa aghalabu hukomea kwenye bei.

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani hasa kinachoingia mtoni. Katika tani 10 za kahawa mbivu, karibu tani 4 ni maganda ya nje. Chini ya ganda hilo mna ulenda wenye sukari nyingi, ambao huondolewa kwa kuivundika kahawa na kuiosha. Sukari si sumu, na wako wasemao kwamba kitu kilichotoka mtini hakiwezi kuudhuru mto. Hapo ndipo kosa lilipo. Sukari ikifika majini huliwa na bakteria; nao huongezeka upesi mno na kuimaliza hewa ya oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Samaki na wadudu wa majini hupumua oksijeni hiyo hiyo. Ikiisha, hufa kwa kukosa pumzi, hata kama maji ni mengi. Tena sukari ikichachuka hugeuka tindikali. Nguvu ya uchafuzi wa maji hayo yaweza kuzidi ile ya maji machafu ya mjini kwa makumi ya mara. Weusi na harufu ya kuoza ni dalili za mwisho tu, kwani madhara huanza kabla pua haijayatambua.

Wala uchafu haukomei kijijini. Mito ya Weruweru, Kikafu na Karanga humwaga maji yake katika Kikuletwa. Kikuletwa na Ruvu huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, ambamo wavuvi huvua perege na kambale. Na kutoka hapo Mto Pangani huteremka hadi Bahari ya Hindi, ukiendesha mitambo ya umeme njiani. Mama atekaye maji mfongoni, chini ya mahali pa kumenyea, huenda hana hata mche mmoja wa kahawa, lakini ndiye wa kwanza kupata hasara.

Dawa za shaba zinazopigwa dhidi ya chule buni na kutu ya majani nazo huua viumbe vya majini, na kuoshea bomba la dawa mfongoni ni desturi ya kukomeshwa mara moja. Aina mpya za kahawa zinazostahimili magonjwa hayo, zilizotolewa na taasisi ya utafiti ya Lyamungu, hupunguza haja ya dawa yenyewe.

Kuhusu maji ya kumenyea, hatua ya kwanza ni kuyatumia machache. Mahali ambapo maji hayarudishwi, kilo moja ya kahawa mbivu huweza kumeza lita 15 hadi 20. Maji yakirudishwa kwa pampu ili yamenye tena, kiasi hicho chaweza kushuka hadi lita 5. Kwa chama kinachopokea tani 60, hiyo ni tofauti ya lita 900,000 na lita 300,000. Izingatiwe kwamba maji yaliyorudishwa ni ya kumenyea tu. Kahawa ikisuuzwa mwisho kwa maji hayo huharibika ladha, na mnadani hupoteza daraja.

Maji yanayobaki yaelekezwe kwenye mashimo ya kutuama, yakatiwe chokaa ili kupunguza tindikali. Shimo lililochimbwa hatua chache kutoka mtoni halifai, maana maji hupenya udongoni na kurudi mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka umbali wa mita 60 kutoka chanzo cha maji. Maganda nayo yasitupwe: yakichanganywa na samadi na kufunikwa, hugeuka mboji yenye potasi nyingi, na kihamba hurudishiwa sehemu ya kile kilichochukuliwa.

Makatibu wanakumbushwa kwamba, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, kuchukua maji mtoni ni jambo la kibali, na kuyarudisha yakiwa machafu ni jambo la kibali kingine; ofisi inayohusika ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Daftari la mapokezi liongezewe safu moja ya lita zilizotumika kila siku. Gharama ya pampu na mashimo, na kama itakatwa kwa kila kilo, iamuliwe na mkutano mkuu kabla ya mavuno, si wakati mashine imekwisha kuwashwa na magunia yamejaa mlangoni.