Amepasuliwa jicho, je, anaona?

Chati ilikuwa na herufi moja tu, E, iliyogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto. Anayepimwa hatakiwi kujua kusoma. Anaonyesha kwa kidole miguu ya herufi imeelekea wapi. Kwa chati hiyo, madaktari Wanjiku Mathenge na John Nkurikiye pamoja na wenzao walipima watu 2,206 wenye miaka 50 na zaidi katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, mkoa wenye wilaya ya Rubavu na mji wake wa Gisenyi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la PLoS Medicine.

Asilimia 1.8 ya waliopimwa walikuwa vipofu wa macho yote mawili. Karibu thuluthi mbili ya upofu huo ulitokana na mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mfupi. Hilo wengi walilitarajia. Takwimu ya kusomwa mara mbili ni nyingine: kati ya macho 29 yaliyokwisha kupasuliwa mtoto wa jicho, 9 hayakufikia hata kiwango cha 6/60, hata yaliposaidiwa kuona kadiri ilivyowezekana. Mwenye 6/60 hulazimika kusogea hadi mita sita ili aone kile ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa mita sitini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka matokeo mabaya namna hiyo yasizidi asilimia 5. Hapa yalikuwa asilimia 31.

Macho 29 ni machache, na si haki kumhukumu daktari au hospitali yoyote kwa hayo. Ila yanafichua udhaifu wa mazoea ya kuhesabu waliopasuliwa bila kuhesabu wanaoona. Dunia nayo ilichelewa kulikubali hilo. Mwaka 2021 ndipo nchi wanachama wa WHO zilipoafikiana kwamba hadi 2030 huduma ya mtoto wa jicho ipanuke kwa pointi 30 za asilimia na ya miwani kwa pointi 40, na katika hesabu hiyo anaingia yule tu ambaye huduma imemwezesha kuona vizuri.

Kwa upande wa miwani, Rwanda ilitangulia majirani wengi. Kuanzia mwaka 2012 hivi, shirika la Vision for a Nation, lililoanzishwa na James Chen wa Hong Kong, lilishirikiana na Wizara ya Afya kufundisha wauguzi zaidi ya 2,000 wa vituo vya afya nchini kote. Muuguzi hupima uwezo wa kuona, hutoa dawa za matone na miwani ya kusomea, na kumpeleka hospitali anayehitaji zaidi. Kifaa kimoja cha kazi hiyo ni kadi yenye tundu dogo: mtu akichungulia kwenye tundu akaona vizuri zaidi, basi yaelekea miwani itamfaa, asipoona tofauti, tatizo huenda liko ndani ya jicho.

Je, kazi hiyo si ya wapima macho waliosomea miaka? Kwa miwani ya kusomea, hapana. Uwezo wa kuona karibu hupungua kwa kila mtu baada ya miaka 40 hivi, na kumsafirisha mama wa kijijini hadi hospitali kwa jambo hilo ni kumtesa bure. Huko Assam, India, wachumaji chai 751 wenye umri huo walifanyiwa jaribio lililochapishwa mwaka 2018: mavuno ya waliopewa miwani yalipanda kuliko ya wenzao kwa asilimia 21.7. Wachumaji wa Pfunda, nje kidogo ya Gisenyi, wanafanya kazi ileile.

Hatari iko kwingine. Presha ya macho mara nyingi haiumi, na mgonjwa anaweza kusoma chati vizuri huku pembe za uoni wake zikififia kimyakimya. Mwenye chati peke yake, awe muuguzi au muuza miwani, hawezi kuigundua. Hapo ndipo elimu ya mtaalamu inapohitajika, na ndiyo sababu Rwanda ina baraza linalosajili wataalamu wa fani kama ya kupima macho na kuwapa leseni.

Kwa hiyo msomaji akienda kupimwa, adai kila jicho lipimwe peke yake na vipimo vyake aandikiwe kwenye karatasi. Akiwa amevuka miaka 40, aombe pia ndani ya jicho paangaliwe, na asione haya kuulizia leseni. Na aliyepasuliwa arudi kupimwa siku aliyopangiwa, hata kama anajiona amepona. Asiporudi, hospitali itajua amepasuliwa, lakini haitajua kama anaona.