KIPIMO KWANZA, SIFA BAADAYE

Mara kwa mara huletwa taarifa za mafunzo ya michezo katika skuli na klabu za visiwa vyetu, na nyingi huishia kwa maneno yale yale: vijana walipimwa, wakafundishwa wiki kadhaa, wakapimwa tena, na mbio zao zikaonekana kuongezeka. Furaha hiyo hatuipingi. Lakini wanaoandika taarifa hizo, pamoja na maofisa wanaotoa fedha kwa kuzitegemea, hawana budi kujiuliza kwanza: kilichobadilika ni kijana, au ni kipimo?

Wazee wetu wa sokoni waliijua vyema khitilafu hii. Pishi ni vibaba vinne. Lakini mpimaji mmoja hujaza kwa kilele, mwengine hufuta juu kwa kiganja, na mkono wa asubuhi si wa jioni. Kosa la namna hiyo huyumba huku na huku, na ukipima mara nyingi na kuchukua wastani, hupungua. Pishi iliyobonyea kitako ni shauri jengine. Hiyo hupunja upande mmoja daima. Ukipima mara mia, itakupunja mara mia.

Mbio nazo zina pishi zake zilizobonyea. Mshika saa hubonyeza baada ya bastola kulia, hivyo huchelewa kidogo. Lakini mwisho wa mbio humwona mkimbiaji akija, asichelewe tena. Ndiyo maana mbio za mita 100 zikipimwa kwa mkono hutoa muda mfupi kuliko zikipimwa kwa mtambo wa umeme, na tofauti hiyo katika riadha hukadiriwa kuwa sekunde 0.24. Tangu mwaka 1977 rekodi za dunia za mbio zisizozidi mita 400 hazikubaliwi bila ya mtambo. Aidha, upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde, rekodi ya mita 100 haihesabiwi. Sisi tunaoishi baina ya kaskazi na kusi yatupasa kulizingatia hilo zaidi: anayewapima vijana mwezi wa Februari, kisha Julai, katika uwanja ule ule na wakielekea upande ule ule, huenda akampa mwalimu sifa ya upepo.

Hata mtambo una mpaka wake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, Gunnar Larsson wa Uswidi aliogelea mita 400 za mitindo mchanganyiko kwa dakika 4:31.981, na Tim McKee wa Marekani kwa 4:31.983. Dhahabu ikaamuliwa kwa tofauti ya milimita 3 hivi za maji, ilhali njia za bwawa lenyewe huweza kukhitilafiana urefu kwa zaidi ya hapo. Baadaye sheria ikabadilishwa, muda ukaishia kwenye sehemu za mia za sekunde. Na huko Los Angeles mwaka 1984 Nancy Hogshead na Carrie Steinseifer, wote wa Marekani, walifungana katika mita 100 na kila mmoja akapata dhahabu yake.

Basi tunashauri mambo matatu. Kwanza, kabla ya mafunzo kuanza, kila kijana apimwe mara mbili kwa siku mbalimbali. Tofauti itakayoonekana bila ya mafunzo yoyote ndiyo kuyumba kwa kipimo, na nyongeza isiyoizidi hiyo haijathibitisha kitu. Pili, vijana wagawanywe kwa kura, nusu wafuate mafunzo mapya na nusu ya zamani, kisha wote wapimwe siku moja na mshika saa asiyejua nani ni wa kundi gani. Tatu, wasichaguliwe waliofanya vibaya siku moja tu. Wengi wao siku hiyo haikuwa yao, nao wangepanda hata bila ya kufundishwa.

Kijana anayeachwa nje ya timu kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, iliyopimwa mara moja kwa mkono mmoja, ameachwa kwa ushahidi usiotosha. Vile vile, taarifa isemayo "tumepima kwa uangalifu, hatukuona tofauti" ipokelewe na maofisa wetu kwa heshima ile ile ya taarifa ya ushindi, kwani imeokoa fedha za umma ziende kwenye mafunzo yenye kufaa.