Sindano ya Jicho: Hofu ya Dakika Moja, Matibabu ya Miezi Mingi

Katika kliniki ya macho mgonjwa huweza kupokea habari nyingi kwa utulivu, lakini akiambiwa kwamba atachomwa sindano ndani ya jicho, mara nyingi hushtuka. Wapo wanaoaga kwa adabu, wakaahidi kurudi wiki ijayo, na wasionekane tena. Hofu hiyo ina gharama kubwa, kwa kuwa retina ikishaharibika kabisa hakuna miwani wala upasuaji unaoweza kuirejesha.

Retina ni utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, mishipa midogo ya damu ya utando huo hudhoofika na kuvuja. Majimaji yakijikusanya katika makula, yaani sehemu ya katikati tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu, uoni hufifia. Ugonjwa ukiendelea, retina inayokosa oksijeni hutoa kwa wingi protini inayochochea kuota kwa mishipa mipya. Nayo ni dhaifu, hupasuka kwa urahisi na kumwaga damu ndani ya jicho. Yote hayo huweza kutokea bila maumivu. Sindano hizi hutumika pia pale mshipa wa retina unapoziba, hasa kwa wenye shinikizo la damu, na kwa baadhi ya wazee ambao makula yao yamechakaa.

Protini hiyo ilitengwa mwaka 1989 na Napoleone Ferrara na wenzake huko California. Dawa ya kuizuia, bevasizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kutibu saratani ya utumbo mpana. Mwaka uliofuata madaktari wa macho walianza kuitumia kwa kiasi kidogo sana ndani ya jicho. Dawa nyingine iliyotengenezwa mahususi kwa jicho, ranibizumabu, iliidhinishwa mwaka 2006 kwa bei kubwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo, utafiti mkubwa uliotolewa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kwamba kwa uchakavu wa makula dawa hizo mbili hukaribiana sana kwa matokeo. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka bevasizumabu katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Kwetu sisi wenye bajeti finyu, hiyo haikuwa habari ndogo. Jicho moja huhitaji mililita 0.05 tu, hivyo chupa moja hutosha wagonjwa wengi. Lakini hapo ndipo penye hatari: dawa isipogawanywa katika mazingira safi kabisa, kosa moja huweza kudhuru macho ya watu wengi kwa siku moja.

Tendo lenyewe ni fupi. Mgonjwa hulala chali, hutiwa matone ya ganzi, kisha kope na jicho husafishwa kwa dawa ya iodini, ambayo huwasha kidogo. Kifaa maalumu huzuia kope zisifumbe. Sindano nyembamba huingizwa kwenye weupe wa jicho, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Haipiti katika mboni kama wengi wanavyodhani. Mgonjwa huhisi kama jicho limebonyezwa, basi.

Baadaye huweza kuona vidoa vinavyoelea, au weupe wa jicho ukawa na alama nyekundu inayotisha kwa macho lakini hufutika yenyewe. Kinachopaswa kutisha ni maumivu yanayoongezeka, uoni unaopungua na wekundu unaozidi katika siku za mwanzo. Hiyo huenda ni maambukizi ndani ya jicho: hutokea kwa nadra, chini ya mara moja katika sindano 1,000, lakini hupofusha upesi. Mhudumu wa zahanati asimpe mgonjwa huyo matone na kumwambia asubiri; ampe rufaa siku hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kinachotuangusha zaidi ni kutorudi kliniki. Nguvu ya dawa hupungua baada ya wiki kadhaa, na kwa kawaida sindano za mwanzo hutolewa kila mwezi. Mgonjwa aliyeona vizuri baada ya ya kwanza hujihesabu amepona. Asiyeona tofauti hukata tamaa. Wote wawili hubaki nyumbani, na majimaji hurudi. Kwa mwenye mishipa mipya hali ni mbaya zaidi, kwa maana retina huweza kuvutwa na kubanduka. Ndiyo sababu daktari huweza kumchagulia mgonjwa wa mbali tiba ya leza, ambayo matokeo yake hudumu zaidi. Kabla ya sindano ya kwanza, basi, tumuulize mgonjwa anakaa wapi, nauli yake ni kiasi gani, bima yake inalipia nini na nani atamsindikiza. Naye atueleze kama ni mjamzito, au kama alipata kiharusi au mshtuko wa moyo hivi karibuni, kwa kuwa majibu hayo huweza kubadilisha mpango mzima wa tiba.